Karani naye alikuwa sehemu ya mfumo

Nimeona hii kitu mara nyingi mpaka nimeamua niiandike. Kampuni ina mfumo wake wa zamani, ule wa skrini nyeusi na maandishi ya kijani, umepiga kazi miaka na miaka bila kelele, halafu siku moja bosi anatoka kikaoni anasema wateja wanataka waone oda zao kwenye simu, tuupeleke mtandaoni. Hapo ndo mabishano yanaanza, wengine wanasema tuutupe wote tuanze upya, wengine wanasema aah, tuubandikie websaiti kwa mbele tu, kazi imeisha. Mi naona wote wamekosea.

Hao wa kutupa nitawajibu haraka. Lugha ya programu ya COBOL imeanza 1959, kompyuta ya AS/400 ya IBM imetoka 1988, na mpaka leo kuna kampuni kubwa zinaishi juu ya vitu hivyo kwa sababu moja tu, hesabu zinatoka sawa. Benki ya TSB ya Uingereza iliwahamishia wateja wake kwenye mfumo mpya wikendi moja ya Aprili 2018, watu wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, mambo hayakukaa sawa mpaka Desemba, na 2022 wakaja kupigwa faini ya pauni milioni 48.65. Kwa hiyo taratibu jamani.

Sasa hao wa kubandika ndo wananikera zaidi maana na mimi nilikuwa mmoja wao. Unafikiri shida ni kuunganisha, upate API (mlango wa programu moja kuongea na nyingine), ukikosa basi uandike programu inayojifanya karani, inasoma skrini mstari wa 12 inachukua namba (inafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku mtu asogeze kitu kwenye skrini). Lakini ule mfumo haukutengenezwa kwa ajili ya mteja, ulitengenezwa kwa ajili ya karani, na karani anajua vitu ambavyo havijaandikwa popote. Anajua oda ikionyesha hali namba 7 maana yake wahasibu wameishikilia oda, usimwambie mteja chochote kabla hujawauliza. Anajua asubuhi salio lisiaminiwe kwanza, maana malipo ya jana yanaingizwa usiku kwa mkupuo na kuna siku ile kazi ya usiku inachelewa. Mteja akipiga simu karani anayachuja yote hayo kichwani ndani ya sekunde tatu, anajibu kwa upole, na mteja anaona kampuni ina mfumo mzuri kweli!

Ukiweka websaiti umemtoa karani katikati, na kile alichokuwa anachuja hakichujwi na mtu tena.

Kuna kazi moja tulifungua ukurasa wa wateja kuangalia oda, tukajipongeza, siku mbili tu simu zikawa nyingi kuliko zamani. Kumbe oda ikigawanywa mara mbili makarani walikuwa wanaifuta ile ya mwanzo wanafungua mbili mpya, miaka yote ndo hivyo, sasa mteja anaingia anakuta IMEFUTWA kwa herufi kubwa na pesa ameshalipa.

Siku hizi mi naanza na kusoma tu, yaani mteja anaona ila habadilishi kitu. Data inanakiliwa kila baada ya muda kwenda databesi ya pembeni, websaiti inasoma huko, na unamwandikia mteja wazi kwamba hizi ni taarifa za saa fulani, hakasiriki, anachokasirikia ni kudanganywa. Kuandika, yaani mteja kuweka oda mwenyewe, kunakuja baadaye, tena kwa foleni, kila ombi na namba yake ili mtu akibofya mara mbili isitokee oda mbili, na mfumo wa zamani unachukua kwa mwendo wake maana ulizoea makarani arobaini sio watu elfu kumi usiku wa manane. Halafu usalama, ile mashine ilimwamini kila aliyekuwa ndani ya jengo, kwa hiyo usitegemee itamzuia mteja anayebadilisha tarakimu moja kwenye anwani ya ukurasa ili aone invoisi ya jirani yake. Hilo ukague mwenyewe, kila ombi, kwenye seva. Kwenye orodha ya 2021 ya OWASP, shirika la usalama wa programu, kosa la aina hiyo ndo limekaa namba moja.

Ile ya IMEFUTWA tuliirekebisha kwa mistari kama kumi ya programu. Ila kuipata hiyo mistari ilibidi tukae na yule dada wa oda siku mbili pale mezani kwake, na jioni ya siku ya pili, tunafunga laptopu, ndo akauliza, "na zile bidhaa zenye stoku 9999, mnajua kwamba hazipo, eh?"