Niongezee Kidogo

Ukilelewa na mama anayenunua soko la Kibuye, Kisumu, huwezi kulipia gorogoro ya omena bila kusema "niongezee kidogo". Mimi niliingia na tabia hiyo hadi kwenye Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Nilitaka kutengeneza modi, yaani nyongeza, ya mchezo wa kompyuta wa Minecraft, toleo la 1.19.2: samaki ngege wa kukaanga ambaye mchezaji akimla anashiba. Basi. Nikapakua kifurushi cha Forge cha watengenezaji modi, nikakifungua kwenye folda, halafu nikaenda kutafuta JDK, Java ya watu wanaoandika programu. Sio JRE, maana JRE huendesha programu tu, msimbo wako haiwezi kuukusanya uwe programu. Hapo nilikuwa macho. Maelekezo yalitaka Java 17, ila pembeni yake kulikuwa na Java 21, na zote ni za bure. Sasa mtu atachukua 17 ili iweje?

Nikafungua dirisha la amri ndani ya folda, nikaandika `gradlew runClient`, amri ya kufungua mchezo ukiwa na modi, nikaenda kuteka chai. Kurudi, nimeandikiwa: "Unsupported class file major version 65". Nikakaa nusu saa nikitafuta toleo la 65 la kitu gani hasa nililosakinisha. Kumbe hesabu yake ni ya darasa la pili: toa 44, kinachobaki ndilo toleo la Java. 65 ni Java 21, 61 ni 17, 52 ni 8. Gradle, chombo cha kuijenga modi kinachoitwa na hiyo `gradlew`, inayokuja na kifurushi cha 1.19.2 ni ya mfululizo wa 7, na hiyo Java 21 haiijui.

Nikarudi kwa 17 shingo upande. Kwenye orodha ya Windows nikakuta x64 na x86. Themanini na sita, jamani! Nikaona hapa angalau nimepata ya kujazia. Nikapakua x86.

Kusakinisha pekee hakutoshi, kwa sababu `java -version` bado ilikuwa inajibu 21. Ikabidi niweke JAVA_HOME, kibao cha kuonyesha Java inakaa folda gani, kwenye mipangilio ya Windows ielekee kwa 17. Nikaingia kwenye folda ya JDK, nikaona ndani kuna folda nyingine, bin, na ndani ya bin ndimo java.exe inamokaa. Nikasema afadhali niipeleke mpaka mlangoni, nikanakili njia yote pamoja na `\bin`. Gradlew ikaniambia JAVA_HOME yangu ni folda batili. Yenyewe huongeza `\bin\java.exe` mwishoni, kwa hiyo ilikuwa inatafuta `\bin\bin\java.exe`, nyumba ambayo haijajengwa. Nikafuta `\bin`. Ujumbe ni ule ule. Nikafuta JAVA_HOME yote nikaiandika upya, herufi kwa herufi. Ule ule! Nilikuwa karibu kuitupa laptopu Ziwa Victoria ndipo nikakumbuka kwamba dirisha la amri lililofunguliwa kabla ya mabadiliko halioni mabadiliko. Lifunge, fungua lingine. Sekunde mbili.

Dirisha jipya, kosa jipya: mashine imeshindwa kutenga nafasi ya 3145728KB. Hizo ni GB 3 kamili, na laptopu yangu ina 8. Ndani ya faili ya `gradle.properties` kuna mstari `org.gradle.jvmargs=-Xmx3G`, unaoomba Java ipewe GB 3 za kumbukumbu. Java ya biti 32 kwenye Windows haiwezi kubeba hizo, hata mashine iwe na GB 32. Na x86 ndiyo ya biti 32! Hiyo 86 ni mkia wa jina la chipu ya Intel 8086 ya mwaka 1978, haihusiani kabisa na ujazo. Nikaing'oa, nikaweka x64, nikarekebisha njia ya JAVA_HOME, nikafungua dirisha jipya (sasa nimeerevuka), na Gradle ikaanza kupakua. Bando la kwanza likaisha. La pili nikanunua. Usiku mama akapita nyuma yangu. "Wewe Ochieng', hiyo mashine inakula tokeni kuliko friji."

Mchezo ukafunguka saa sita usiku. Nikauona kwa macho yangu, nikaufunga, na kwa kuwa mdogo wangu Akinyi hufuta vitu ili apate nafasi ya video, nikaibadilisha folda jina: USIGUSE!

Asubuhi, mistari myekundu kutoka juu hadi chini. Haipati mafaili. Mafaili yapo, nayaona! Akinyi akaapa kwamba hajagusa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anasema ukweli. Tatizo lilikuwa ile alama ya mshangao. Java ikiandika anwani ya kitu kilicho ndani ya faili ya jar (furushi la mafaili ya Java), hutumia `!/` kutenganisha jar na kilichomo. Folda inayoishia na `!` inafuatwa na mkwaju, kwa hiyo Java ilikuwa inakata anwani yangu palepale, ikidhani jar imeishia kwa USIGUSE. Onyo la kumfukuza Akinyi limefukuza Java. Nikabadilisha jina likawa `ngege`, herufi ndogo tupu, mchezo ukafunguka.

Nikajipa samaki wangu. Mkononi nikashika mraba wa vipande vya zambarau na vyeusi, ile sura ambayo mchezo huweka ukikosa picha. Akinyi akainama kwenye skrini.

"Ochi, hiyo ni ngege ama ni bodi ya drafti?"

Nikamwonyesha folda ya picha: `textures/items`. Akasoma faili ya modeli iliyo kando, ile inayouambia mchezo picha iko wapi, polepole, kwa kidole: `item/ngege`.

"Na hii s umeongeza ya nini?"