Chunusi Asibebeshwe Makosa ya Binadamu

Mtu akizama katika maji ya Likoni au Mtongwe, Mombasa, haichukui muda kabla ya kusikika mitaani kwamba amechukuliwa na chunusi, jini wa majini anayedaiwa kuwazamisha watu. Kauli hiyo siikubali, ijapokuwa nawaheshimu sana wazee wa Mji wa Kale waliosafiri kwa majahazi hadi Ghuba, wala sioni kwamba imani zao zote ni za kupuuzwa.

Zipo zilizomfaa baharia. Kabla ya kung'oa nanga wengi walisoma Hizbul Bahr, uradi wa Imamu Shadhili, na dua hiyo haikumwondolea mtu wajibu wa kukagua kamba, tanga na kalafati, yaani pamba ya kuzibia nyufa za mbao za chombo. Misimu nayo iliheshimiwa: walikwenda kwa kusi, upepo utokao kusini, wakarejea kwa kaskazi, utokao kaskazini, na kusi ilipochacha Juni na Julai vyombo vilipandishwa pwani, vikapakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama, chini, na sifa, mafuta ya papa, ubavuni, huku mabaharia wakingoja bila kunung'unika. Subira hiyo, hata ilipoelezwa kwa lugha ya miiko, ilikuwa elimu ya upepo iliyorithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Raha pia zilikuwepo, tena kubwa: foromali, boriti inayobeba tanga, kupandishwa kwa nyimbo za kuitikiana, nahodha kushika njia kwa nyota, na hatimaye kuiona Ngome ya Yesu na kujua kwamba Bandari ya Kale, pamoja na jamaa waliongojea tende na habari, ipo karibu.

Lakini chunusi ni imani ya namna nyingine, kwa sababu huficha chanzo cha kifo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe ikiwa imebeba abiria kupita uwezo wake, wakafa watu 272. Tukisema kwamba bahari ilitaka watu wake, tunamwondolea lawama aliyeruhusu chombo kilichofurika kiondoke gatini, na hatutamdai mtu yeyote marekebisho.

Kilindini, kwenye bandari ya meli kubwa za leo, hali haina tofauti kubwa. Maharamia wa Kisomali walizungumzwa sana, hasa kati ya 2008 na 2011, na kwa haki. Uchovu hauzungumzwi, ilhali baharia asiyelala ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake wote melini. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, umeweka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Ni vijana wangapi wa hapa kwetu wanaolijua hilo wanapotia sahihi ajira ya melini?

Mama anayemfunga mwanawe hirizi ya safari namwelewa, wala simkatazi. Namsihi waketi pamoja wausome na mkataba wa ajira: saa za kupumzika, nani atalipa nauli ya kurudi nyumbani, na nani atawajibika iwapo mwenye meli ataitelekeza katika bandari ya ugenini.