Miaka ya dereva na umakini wake

Aprili 2019, Ikebukuro jijini Tokyo, dereva wa miaka 87 alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Mama na bintiye wa miaka 3, waliokuwa wakivuka kwa baiskeli, walifariki. Mzee alishikilia kwamba gari ndilo lililokuwa bovu. Mwaka 2021 mahakama ikampa miaka 5. Tangu ajali ile, hoja ya kuwanyang'anya wazee leseni imepata nguvu Japani.

Ina uzito wake. Uzeeni jicho huona, ila akili huchelewa kugawa kazi. Fikiria unakata kulia kwenye makutano: kuna lori linalokuja, boda anayechomoka nyuma yake, mtoto kwenye pundamilia. Kijana huvizoa vyote mara moja. Mzee huokota kimoja kimoja. Ndiyo maana makosa ya wazee hutokea zaidi makutanoni, si kwenye mwendo kasi.

Lakini mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Strayer na Drews, waliwaweka vijana na wazee kwenye usukani wa kuigiza. Kijana anayeongea na simu, tena bila kuishika, alichelewa kufunga breki sawasawa na mzee asiye na simu. Yaani simu moja ilimzeesha papo hapo. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hula karibu mita 14 kila sekunde.

Baba yangu ana miaka 74. Akikaribia makutano huzima redio na kumwomba mama anyamaze kidogo. Mimi, mwenye nusu ya umri wake, nimewahi kupita taa nyekundu nikimsikiliza fundi akinitajia bei ya mabati.

Hata hivyo siwatetei wazee kwa jumla. Kujihadhari kwa baba kunategemea akili inayojijua, na anayeanza kupotewa na kumbukumbu huwa wa mwisho kukubali. Hapo Japani naiunga mkono: kuanzia miaka 75, huwezi kuhuisha leseni bila kupimwa kumbukumbu. Ninachokataa ni kumshusha mtu kwa tarehe ya kuzaliwa peke yake, huku mwenye simu sikioni akipita.

Safari za usiku sasa naendesha mimi. Baba alikubali kwa sharti moja: simu yangu inakaa kwenye mkoba wa mama.