Chozi Yuko Pichani, Utando wa Buibui Uko Wapi?

Mwezi wa saba nilituma picha mbili za bustani yetu ya huku Lang'ata kwenye kundi la wakazi wa mtaa. Ya kwanza ilikuwa ya dume la chozi, yule ndege mdogo wa maua, kifua kikimeta, mdomo umezama kwenye ua la mshubiri. Ya pili ilionyesha bustani nzima kutoka langoni: mabua makavu, rundo la matawi yanayooza, nyasi za kufika magotini. Chozi alimwagiwa sifa. Bustani iliambulia swali moja kutoka kwa jirani: "Baba Neema, kwani yule kijana wa shamba aliacha kazi?"

Swali lake lina haki. Hapa Nairobi kichaka karibu na lango humaanisha maficho ya mwizi, nyoka, panya na makopo ya maji yanayozalisha mbu. Kamera nayo huongeza ubaya: jicho likiwa bustanini hutembea, huchagua, husamehe, picha hubandika kila bua juu ya jingine mpaka yote yawe ukuta mmoja wa vurugu. Ndiyo maana wapo wanaoshauri ufyeke kidogo kabla ya kupiga, au umsogelee ndege na kuacha mengine nje ya fremu. Picha inayotisha haimshawishi mtu aiache bustani yake ikue hivi, wanasema. Tena si kila fujo ni asili: lantana na yale maua makubwa ya manjano ya titonia yalitoka bara la Amerika, na ukiyaacha yatameza kila kitu. Hilo nakubali bila ubishi.

Lakini hebu tukitazame kiota cha huyo chozi aliyesifiwa. Jike hukijenga kwa nyasi kavu, nyuzi za magome na majani yaliyokufa, kisha hukifunga chote kwa utando wa buibui. Kinaning'inia kwenye kitawi, chini kimeachwa na mkia wa vipande vilivyolegea. Ukipita haraka utadhani ni taka zilizopeperushwa na upepo zikanasa. Na ingawa wazazi hunywa utamu wa maua, makinda hulishwa wadudu na buibui. Yaani kuanzia kuta za nyumba yake hadi chakula cha utotoni, ndege huyu anayeng'aa ametengenezwa kwa vitu vile vile tunavyovifagia Jumamosi asubuhi.

Sasa mtu ameona ile picha ya kwanza tu. Ananunua mshubiri kwenye kitalu cha kando ya barabara, anaupanda kwenye udongo mwekundu uliofagiwa ukafagika, anapulizia dawa ya wadudu, anakaa kibarazani kusubiri. Chozi anakuja, anakunywa, anaondoka. Hajengi. Mwenye bustani akisema nilimdanganya, nitamjibu nini?

Kuna na lingine linaloniudhi zaidi. Mng'ao wa chozi hautokani na rangi pekee. Ni umbo la manyoya linavyouchezea mwanga. Kivulini ndege yule yule ni mweusi kama kaa. Basi mpiga picha anakata tawi moja, kisha la pili, ili jua lifike kwenye kiota. Likishafika, kunguru naye anakiona, na makinda wanachomwa na jua la saa sita. Usafi wa namna hiyo, wa kutafuta picha nzuri, mimi siuwezi.

Ufundi upo wa kupunguza ukali bila kuficha. Jua letu la ikweta halina subira: linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na kufika saa tatu limeshaipasua bustani kwa mabaka meusi na meupe, ambapo hata kilichopangwa huonekana ovyo. Mawingu ya Julai, tunayoyalalamikia kila mwaka, hutandaza mwanga sawasawa, na ghafla mabua yana kahawia za aina tano. Chuchumaa. Ingiza kamba ya nguo kwenye fremu, au kiti, ili ionekane watu wanaishi hapo. Mimi nimefyeka ukanda mmoja mwembamba kando ya njia (nyasi za kikuyu, zenye asili ya nyanda zetu za juu, ambazo dunia imezichukua kwa viwanja vyake) na makopo nayamwaga. Ni kupamba? Kidogo, ndiyo. Lakini rundo la matawi liko katikati ya picha, na litabaki hapo.

Niliituma ya tatu, niliyopiga kutoka kibarazani, kiota kikiwemo. Hakuna aliyesifu. Jioni jirani yangu alikuja langoni kuuliza kiota chenyewe ni kipi. Nilimwelekeza kwa kidole, na alichukua muda kukiona.

"Kile?" akasema. "Mimi ningekuwa nimeshakiondoa kwa ufagio."