Msafara wa Mheshimiwa wa Kilo Tano

Mtoto wangu ana kilo tano na gramu mia mbili. Sikukadiria, ndivyo kadi ya kliniki inavyosema, na hiyo kadi tutairudia kwa sababu ndiyo iliyotaka kunitoa roho Gairo. Kilo tano na gramu mia mbili, yaani mfuko mdogo wa sembe ukiongezea kikombe kimoja. Sasa naomba mwenye akili timamu anieleze inakuwaje kiumbe cha namna hiyo kinamiliki mabeseni mawili, chandarua cha mwavuli, kitanda chenye matairi na mabegi matatu ya shangazi kaja, wakati mimi baba yake, mwenye kilo themanini na miaka thelathini na sita ya kuhangaika na dunia, nguo zangu zote ziliingia kwenye kiroba kimoja cha mchele na bado ikabaki nafasi ya pasi.

Nilipokuwa kapera nilihama Manzese kwenda Tabata kwa mkokoteni. Nilimlipa kijana elfu kumi, yeye akavuta, mimi nikatembea nyuma nimeshika kioo. Watu wote niliokutana nao njiani walisimama kwanza wakajiangalia. Tulipofika, basi, nikawa nimehama.

Safari hii tunahamia Dodoma. Sikuomba. Kampuni inayonilipa mshahara inauza meza, viti na makaratasi ya ofisini, na wateja wake wakubwa ni wizara, na wizara zilishahama. Bosi akachoka kuwalipia watu nauli kila wiki kwenda kufuatilia malipo, akaamua heri ahamishe watu wenyewe. Sasa angalia jambo hili: uamuzi wa serikali kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Safari yenyewe ikaja kuanza kwa nguvu 2016. Serikali nzima, yenye magari, yenye madereva, yenye mafungu, ilijipanga miaka arobaini na mitatu. Mimi nimepewa wiki mbili, na mtoto ana wiki tisa.

Msiniambie kuhusu likizo. Mama mzazi sheria inampa siku themanini na nne, na anastahili hata zaidi, sina ugomvi. Baba anapewa siku tatu. Ya kwanza niliimalizia kwenye benchi la hospitali. Ya pili nilizunguka masoko mawili kutafuta ndizi za mtori. Ya tatu nilikaa kwenye kochi nivue viatu, nikazinduka kesho yake asubuhi, likizo imeisha na kiatu kimoja bado kiko mguuni.

Nyumba ya Dodoma tuliipata kwa dalali. Dalali ni mtu anayelipwa kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukudanganya kwa mdomo laini. Alinitumia picha sita. Zote sita zilikuwa za jiko, kila moja imepigwa kutokea kona yake. Nikamuuliza, vyumba vipo? Akasema, "Bosi, vyumba vipo vya kumwaga." Maji? "Maji hayakatiki." Barabara? "Kutoka lami ni mita tano tu." Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita mkupuo, dalali akataka ya kwake, kisha akaomba elfu ishirini nyingine ya usumbufu. Usumbufu wa nani? Aliyesumbuka ni mimi.

Mizigo tuliipakia kwenye fuso lililokuwa linakwenda tupu Kibaigwa kuchukua mahindi. Dereva akakubali kuongeza mwendo hadi Dodoma mjini kwa bei ya kirafiki, na kitu cha bei ya kirafiki sharti kikutoe jasho kama adui. Vijana wanne wakaja kupakia. Kitanda cha sita kwa sita, kilichoingia chumbani mwaka 2019 bila shida yoyote, kikakataa kutoka. Tulikigeuza ubavu, tukakisimamisha, tukakilaza. Kijana mmoja akapendekeza tuvunje fremu ya mlango. Mwenye nyumba wangu wa Tabata, aliyekuwa amejificha siku tatu ili asinirudishie hela ya mwezi uliobaki, ghafla akatokea mzima wa afya kuulinda mlango wake.

Hapo ndipo ukazuka mjadala wa treni. Mimi nilikuwa na mpango mzuri: mke wangu, mama mkwe na mtoto wapande SGR, elfu thelathini na moja kwa kichwa, wafike Dodoma wamekaa kwenye viti laini, mimi niende na gari taratibu nikisikiliza mpira redioni. Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani, alikuja kwa ajili ya arobaini, arobaini ikaisha, akabaki kwa ajili ya usalama. Akauliza, "Hilo treni lakwenda mwendo gani?" Mimi kwa ujinga wa kujionyesha nikamjibu, "Mama, linafika kilomita mia na sitini kwa saa." Akaniangalia, akamwangalia mjukuu wake, akamshika utosi kwa kiganja. "Mtoto utosi haujafunga, mwataka kumtia kwenye kitu chakwenda mia na sitini?"

Treni likaishia hapo. Laiti ningesema linafika thelathini.

Basi tukaingia wote kwenye kigari changu, ambacho kiyoyozi chake kilikufa zamani nikakisamehe. Mama mkwe nyuma upande wa kushoto, mke wangu nyuma upande wa kulia, Mheshimiwa katikati kwenye kiti chake, na kiti cha mbele kikapakiwa mabeseni, chandarua, chupa ya uji na pampasi za kutosha kituo cha watoto. Kisha mama mkwe akachukua kitambaa cheusi chenye fundo, akakifunga juu ya kiti cha mtoto. Nikauliza ni nini. "Mvuje, baba. Njiani mna macho mengi." Ambaye hajawahi kukaa na mvuje ndani ya gari lisilo na kiyoyozi, nitamweleza hivi: sijui kama unafukuza husuda, lakini Kibaha nilifungua dirisha kununua korosho, muuzaji akarudi nyuma hatua mbili.

Tulipanga kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tuliondoka saa nne. Mheshimiwa alioga, akavishwa, akachafua, akaoga, akavishwa, akanyonya, akacheua kwenye shati langu, nikabadilisha shati, akachafua.

Lakini shida yangu kubwa haikuwa mtoto wala mvuje. Mimi nimejifunza kuendesha gari Dar es Salaam, na kuendesha Dar kuna vitu vitatu: usukani, breki na matusi. Ukiondoa kimoja gari haliendi. Sasa nyuma yangu kakaa mama mkwe, mtu ambaye mbele yake hata kupiga chafya naomba radhi kwanza. Pale Ubungo daladala ikanichomekea bila hata kuwasha taa. Kifua kikajaa. Nikafungua mdomo, nikamwona mama kwenye kioo, nikasema, "Mungu ambariki." Kimara bodaboda akapita na saiti mira, kaigonga ikalala. Nikasema, "Vijana wanahangaika kutafuta riziki." Mbezi, lori likageuza katikati ya barabara yenye njia nane kana kwamba liko uani kwao. Nikapunga mkono, "Asante kaka, pita tu." Mama mkwe akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Baba, watu wote hawa mwafahamiana?"

Kutoka Dar hadi Dodoma ni kama kilomita mia nne na hamsini. Mwendo huo mtu na gari lake anaumaliza kwa saa nane hivi. Mheshimiwa ana ratiba yake. Mlandizi tulisimama anyonye. Chalinze tulisimama abadilishwe, na wauza mananasi wakalizunguka gari, wakanusa, wakaahirisha biashara. Mikese tulisimama kwa sababu alikuwa kimya sana na mama yake akataka kuhakikisha anapumua. Alikuwa anapumua. Aliamshwa ili ithibitike, akalia hadi Msamvu.

Kila tukisimama nampigia dereva wa fuso. "Uko wapi ndugu yangu?" "Bosi, nipo Chalinze hapa." Sisi tuko Chalinze, yeye yuko Chalinze, simwoni. Tuko Morogoro, yeye yuko Chalinze. Tumepita Dumila, nampigia tena, "Bosi, Chalinze hii naimalizia." Na nyuma yake nasikia kabisa konda anaita Buguruni, Buguruni.

Baada ya Dumila, kwenye kijiji kimoja, mtoto alianza kilio cha aina yake, kile cha kuvuta pumzi akanyamaza kimya mpaka na wewe unasahau kupumua. Nikakanyaga mafuta kidogo ili nifike kwenye kivuli. Kibao kilisema hamsini. Tochi ikasema hamsini na saba. Afande alikuwa mama wa makamo, akachungulia ndani, akamwona mtoto, uso wote ukayeyuka. Akamchukua, akamrusharusha, akamsifia mashavu, akamwuliza anaitwa nani, na mtoto, yule yule aliyekuwa anakata roho, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Tabata. Nikajua nimepona. Afande akanirudishia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanipa karatasi yenye control namba. Elfu thelathini. "Mwendeshe taratibu baba, mna mtoto mzuri."

Gairo kuna baridi, wasiojua wabebe sweta. Tulisimama tunywe chai. Mke wangu akawa anahesabu siku kwa vidole, kisha akaganda. "Baba Neema, Jumatatu Neema ana chanjo ya wiki ya kumi. Kadi uliiweka wapi?"

Ninyi mliooa mnalijua neno "uliiweka". Sikumbuki kuigusa. Lakini swali limeulizwa kwa namna ambayo ukisema hukuigusa una kosa la kutoigusa, na ukisema uliigusa una kosa la kuipoteza. Nikasema labda iko kwenye kabati la vyombo. Kabati la vyombo liko kwenye fuso. Fuso liko Chalinze, yaani Buguruni. Tukashusha mabegi ya shangazi kaja pale pale kando ya barabara, tukaanza kupekua. Vikatoka vijisoksi ishirini na tatu, hakuna pea hata moja. Zikatoka kofia, mafuta ya nazi, kitovu kilichodondoka, kimehifadhiwa kwenye kibati cha kahawa, na nisiulizwe. Kadi hakuna. Mke wangu akanuna. Mimi nikanuna kwa sababu yeye ndiye aliyenuna. Mama mkwe alikaa ndani ya gari, kamfunika mtoto kanga, anatazama milima.

Kutoka Gairo hadi Kibaigwa hakuna aliyesema neno ndani ya gari lile. Hata mtoto alielewa.

Tulifika Nzuguni saa mbili na nusu usiku. Zile mita tano za dalali zilianzia kwenye lami, kweli, ila hakusema zinaishia wapi. Nyumba ina vyumba vitatu na ule upepo wa Dodoma ambao unaingia bila kubisha hodi. Mpangaji aliyepita aliondoka na balbu zote. Kwenye mita ya umeme aliniachia uniti sifuri nukta nne, sijui kwa ukarimu au kwa kusahau. Na nyumba tupu ina mwangwi: analia mtoto mmoja, wanasikika watatu, nao wa kwanza akiwasikia wenzake anaona kumbe ana sababu.

Tukatandika kanga na shuka sakafuni. Nikakaa nimeegemea ukuta, nawaza Jumatatu nitamweleza nini nesi wa zahanati ambayo hata siijui iko wapi. Mama mkwe akafungua fundo la kanga kiunoni. Akatoa hela kidogo, kipande cha tangawizi, halafu karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili. Kadi ya kliniki.

"Mama! Tumeitafuta tangu Gairo!"

"Nliiona imetupwa juu ya friji, nkaihifadhi. Mwaitafuta, mwanuniana, kuna aliyeniuliza?"

Mke wangu akanigeukia kana kwamba bado ni mimi.

Mheshimiwa alilala saa saba kasoro. Kumlaza ilichukua watu wazima watatu, kanga mbili na wimbo mmoja wa Pangani wenye beti zisizokwisha. Tukazima tochi ya simu. Hakuna aliyethubutu kumeza mate. Saa nane kamili, nje ya dirisha, likapigwa honi lile la fuso, refu, la kuamsha wafu wa Nzuguni yote, na sauti ikafuata, "Bosi! Nimefika bosi! Si nilikwambia nipo Chalinze?"

Mtoto akaamka. Watatu wakaanza kulia.

Niliinuka. Nilikuwa nimebeba daladala ya Ubungo, bodaboda ya Kimara na lori la Mbezi, vyote vimenikwama kooni. Nikafika mlangoni nikakuta mama mkwe kashanitangulia, kajifunga kanga kibwebwe, kasimama mbele ya taa za fuso. Na yote niliyoyameza mimi kwa kilomita mia nne na hamsini, mama akayatoa. Aliyatoa kwa mpangilio, kwa lafudhi laini ya pwani, bila kupandisha sauti na bila kurudia neno. Mengine mimi sikuwa nayajua, na nimekaa Manzese.

Dereva akazima taa. Akashuka polepole, kavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitika, akavuta pumzi, akaendelea pale alipoishia.