Mpe fundi logi kabla ya nywila

Mtu plagini (programu ndogo inayoongezwa kwenye tovuti) ikimsumbua, ombi lake la msaada huwa hivi: "Tovuti yangu imekufa, nisaidieni." Jibu linalorudi, mara nyingi mno, ni hili: "Nitumie nywila ya admin niangalie." Napinga jibu hilo hata likitoka kwa fundi mwaminifu. Cha kuombwa kwanza ni logi, yaani lile faili ambamo seva huandika hitilafu zake, na hasa ule mstari ulioandikwa tovuti ilipoanguka.

Nazungumzia WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, maana huko ndiko wengi wetu tunakohangaikia. Mfumo huu ulitoka mwaka 2003, ukaanza kupokea plagini mwaka 2004, na leo orodha yake rasmi ina plagini za bure zaidi ya 50,000. Kila moja ina mwandishi wake na kasi yake ya kusasishwa, lakini zikishawekwa kwenye tovuti zote hutumia PHP ileile (lugha ya programu ambayo mfumo huu umeandikwa kwayo) na hifadhidata ileile. Moja ikianguka vibaya, ukurasa mzima unaondoka nayo.

Tuseme mwenye tovuti ameamka akakuta ukurasa mweupe. Anaapa hajagusa kitu, na ni kweli hajagusa. Kampuni inayomhifadhia tovuti ndiyo iliyohamisha seva kutoka PHP 7.4 kwenda PHP 8. Fundi mwenye haraka atamwambia asasishe kila kitu, kisha azime hiki, awashe kile. Pengine tovuti itarudi. Lakini vitu kumi vimebadilishwa kwa mpigo, na hakuna atakayejua kipi kilikuwa kibovu. Wakati huo logi ilikuwa imeshasema:

PHP Fatal error: Uncaught Error: Call to undefined function create_function() in …/wp-content/plugins/fomu-ya-mawasiliano/fomu.php:214

Usome polepole. Baada ya neno plugins linakuja jina la folda, na hiyo ndiyo plagini yenyewe. Kisha jina la faili, kisha namba ya mstari. Na create_function ni amri ya zamani: watengenezaji wa PHP walianza kuikataza kwenye toleo la 7.2, wakaiondoa kabisa kwenye 8.0. Anayeijua PHP akiona mstari huo hahitaji kuingia popote. Atakwambia utafute toleo jipya la plagini hiyo, au uibadilishe folda jina kupitia kidhibiti faili cha seva ili izimike peke yake na tovuti ipumue.

Mstari wenyewe unapatikana wapi? Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress hujaribu kumtumia msimamizi barua pepe inayoitaja plagini iliyoanguka, pamoja na kiungo cha kuingilia kwa hali ya uokoaji. Barua hiyo hupotea sana, kwa sababu anwani ya msimamizi ni ya yule aliyejenga tovuti zamani na hakuna aliyeibadilisha. Nenda kaiangalie ya kwako leo, ipo kwenye mipangilio ya jumla. Barua isipopatikana, fungua faili la wp-config.php, tafuta WP_DEBUG na uipe thamani ya true, WP_DEBUG_LOG nayo true, halafu WP_DEBUG_DISPLAY iwe false ili wageni wasione hitilafu zako. Rudia kile kitendo kinachogoma, kisha fungua wp-content/debug.log na uanze kusoma kutoka chini. Mistari ya Notice na Deprecated itakuwa mingi, isikutishe. Unayoitafuta ni ile yenye Fatal error. Ukimaliza, zima na ufute faili hilo, kwani kwenye seva nyingi yeyote anayejua anwani yake anaweza kulisoma.

Kuna matatizo ambayo seva haiyaoni kabisa. Agosti 2020, toleo la 5.5 la WordPress lilipoacha kupakia jQuery Migrate, faili lililokuwa likisaidia msimbo wa zamani kufanya kazi kwenye kivinjari, menyu na picha za kuteleza ziligoma kwenye tovuti nyingi, na logi za seva hazikuwa na la kusema. Ushahidi ulikuwa ndani ya kivinjari. Bonyeza F12, nenda kwenye konsoli, usome maandishi mekundu. Nayo hutaja faili, na njia ya faili hutaja plagini.

Pale ambapo hata konsoli iko kimya, ndipo nakubali kuzima plagini. Hapo nako kuna utaratibu: zima nusu yake. Tatizo likiondoka, mkosaji yuko kwenye nusu uliyoizima. Likibaki, yuko kwenye nusu nyingine. Endelea kugawa. Plagini 32 huisha kwa hatua tano. Kama wageni wanaingia muda wote, tumia plagini ya Health Check & Troubleshooting, ambayo huzima plagini machoni pako tu huku wengine wakiiona tovuti kama kawaida. Na kila hatua safisha kashe, yaani nakala za kurasa zilizohifadhiwa, la sivyo utakuwa unahukumu ukurasa wa jana.

Sasa nywila. Watu huona kumpa mtu akaunti ya admin ni sawa na kumruhusu kuangalia. Mwenye akaunti hiyo, kwa mipangilio ya kawaida, anaweza kupakia plagini yoyote, na plagini ni msimbo wa PHP unaoendeshwa kwenye seva yako. Maana yake anaweza kusoma hifadhidata nzima, oda na anwani za wateja zikiwemo, na kujiachia mlango wa kurudia hata ukibadilisha nywila. Kwenye majukwaa rasmi ya msaada ya WordPress, kuomba nywila za watu kumekatazwa, na nadhani katazo hilo lina haki kabisa. Fundi akihitaji kweli kuingia, chukua nakala rudufu kwanza, mfungulie akaunti yake mwenyewe, tena ikiwezekana kwenye nakala ya majaribio, na uifute siku hiyohiyo kazi ikiisha.

Kwa hiyo ombi la msaada linaloeleweka lina mstari wa hitilafu, kilichobadilika kabla tovuti haijaanguka, na taarifa za ukurasa wa Afya ya Tovuti, ambao una kitufe cha kunakili matoleo yote kwa mara moja. Pitia ulichonakili kabla ya kukituma. Toa anwani za barua pepe na majina ya watumiaji.

Nawaonea huruma wanaoandika haya yote vizuri wasijibiwe, na hutokea. Mara nyingi plagini yenyewe imetelekezwa. Angalia kwenye orodha rasmi tarehe iliyosasishwa mwisho, na kama ukurasa unaonya kwamba haijajaribiwa na matoleo makuu matatu ya karibuni. Onyo hilo likiwepo na maswali ya watumiaji yamelala miezi bila jibu, usisubiri. Hamishia data zako kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) wakati plagini bado inafunguka, tafuta nyingine inayofanya kazi hiyohiyo, uijaribu kwenye nakala, ndipo uihamishe tovuti.