Hapa Hapakutokea Kitu

Jana kijana mmoja alikuja kwenye kibanda changu pale soko la Kibuye, nikadhani anataka kitanda. Kumbe anataka kibao. Akanionyesha picha kwenye simu: bamba limebanwa ukutani, limeandikwa kwa Kiingereza kwamba mahali hapo, tarehe 5 Septemba 1782, hapakutokea kitu. Basi, yameisha. Ati watu wananunua vitu hivyo, wanavipigilia majumbani mwao, wanacheka.

Akanieleza kuwa ni mzaha wa kuwatania watu wa London. Kule nyumba aliyokaa mtu maarufu hubandikwa bamba la duara. Wa kwanza kuwekewa alikuwa mshairi, Lord Byron, mwaka 1867. Nyumba yenyewe ikabomolewa 1889. Nikasema afadhali, kumbe hata kwao.

Lakini kwa vibao vya mambo yasiyotokea, wazungu wakae chini tuwafundishe. Vyetu hata havikukusudiwa kuchekesha! Kijijini kwetu kuna jiwe la msingi la zahanati. Mheshimiwa alikuja kwa magari sita, akafunua kitambaa, akapigiwa makofi. Mbuzi wawili wakachinjwa, akina mama wakaimba mpaka sauti zikakauka. Huu ni mwaka wa tisa. Zahanati hakuna, mheshimiwa hakuna, jiwe lipo linang'aa. Jioni mbuzi wengine hupanda wakalala juu yake. Nadhani wanawaomboleza wale wawili.

Na wivu wangu siufichi. Hapa Kisumu, Desemba 1901, reli ilipofika ziwani, mke wa mhandisi, Florence Preston, alipewa heshima ya kugonga msumari wa mwisho. Mmoja tu! Bandari nzima ikaitwa Port Florence. Mimi nagonga misumari kuanzia asubuhi hadi mishumaa iwashwe, kidole gumba kimeng'oka kucha mara mbili, na hata kichochoro cha kwenda chooni pale Kibuye hakijapewa jina langu. Wanakiita "pale kwa mama wa omena".

Turudi kwa kijana. Nikamwambia kibao cha mvule, herufi za kuchonga kwa patasi, elfu moja na mia tano. Akaruka.

"Fundi, si maneno yenyewe yanasema hapakutokea kitu? Mbona bei kubwa hivyo?"

Nikamwambia, kijana wangu, kutotokea kwa kitu hakupunguzi herufi. Tukavutana mpaka elfu moja, na akaondoka akinuna kana kwamba nimemwuzia jeneza.

Kazi nikaibeba nyumbani niimalizie usiku. Nikamsimulia mama watoto, nikicheka peke yangu kama mwehu. Yeye hakucheka. Akaendelea kukoroga ugali, akaufunika, akanawa mikono. Kisha akaichomoa penseli yangu nyuma ya sikio, akaenda pale kwenye kabati la vyombo, lile ambalo nilitoa mlango siku chache kabla ya Pasaka ili nibadilishe bawaba.

Akaandika taratibu, kwenye ubao wa pembeni: "Mahali hapa, tangu Pasaka, hapakutokea kitu."

"Baba Achieng," akasema akinirudishia penseli, "hiki ni cha bure."

Nimekitazama tena asubuhi hii kabla ya kutoka. Kusema kweli, herufi zake zimenyooka kuliko zangu.